Kuliwa chakula kazini: Usitege haluli, mwite mwenzio

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi hulifanyia mzaha, nalo ni mfanyakazi anayekula chakula cha wenzake bila idhini. Umeamka kabla ya adhana ya alfajiri, umepika wali na maharage, umetia kwenye hotipoti. Saa saba mchana unafunua, unakuta punje chache na kijiko kichafu. Ukiuliza, watu wanacheka.

Hata mimi nilikuwa nikicheka, mpaka mwaka 2019. Katika kituo cha afya nilichokuwa nikifanya kazi alikuwepo mama mmoja wa maabara, mgonjwa wa kisukari, aliyekuwa akijidunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Insulini ya aina hii haimalizi kazi yake papo hapo. Sehemu yake hushusha sukari mapema, na sehemu nyingine hushika nguvu saa kadhaa baadaye, yaani ile ya asubuhi huwa imekolea mchana. Ndiyo maana mgonjwa wake huambiwa asikose chakula cha mchana. Siku hiyo mama akakuta hotipoti tupu. Kwa haya zake hakusema neno, akarudi kwenye hadubini kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Yapata saa nane na nusu akaanza kuwajibu wagonjwa maneno yasiyoeleweka, jasho linamtiririka, mikono inamtetemeka. Bibi mmoja pale kwenye benchi akasema mama wa watu kapandisha mashetani.

Tulipompima, sukari yake ilikuwa 2.3, na ikifika chini ya 3.9 tayari imeshuka mno. Alhamdulillah alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha tukampima tena baada ya dakika 15, ndipo akapewa chakula. Nakuomba ulishike hili: angekuwa amepoteza fahamu, tusingemtia chochote mdomoni, kwani kingeweza kuingia njia ya hewa. Mgonjwa wa hivyo hukimbizwa hospitali atiwe glukosi kwenye mshipa.

Kesho yake chumba cha chai kilikuwa kimechafuka. Mmoja akashauri tutie haluli kwenye mchuzi, au vidonge vya kulainisha choo, tuone nani atashinda chooni. Wakanigeukia mimi: "Dokta, tutie kiasi gani?" Nakiri sikujibu haraka, kwa sababu nami nilikuwa na hasira. Lakini ndugu yangu, ukishatia dawa kwenye chakula hujui nani atakila. Anaweza kuwa dada mwenye ujauzito, au mtoto wa mwenzenu aliyekuja baada ya shule. Haluli ni chumvi yenye magnesiamu, na mtu mwenye figo mbovu hushindwa kuitoa mwilini, ikamdhuru mpaka kwenye moyo na pumzi. Kuharisha sana peke yake humkausha mtu maji. Na mwenzako kukudhulumu hakukupi wewe ruhusa ya kumtilia sumu. Hapo mkosa ni wewe, mbele ya sheria ya nchi na mbele ya Mola wako.

Wengine waliamua kuficha vyakula vyao kwenye friji ya chanjo. Hilo nalo ni kosa kubwa. Chanjo zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kila mlango unapofunguliwa kutafuta samaki wako joto linaingia.

Anayekula naye tumkumbushe usafi. Mtu anayedokoa kwa kuibia hanawi, hupeleka vidole haraka na kufunika. Homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A hupita kwa mikono iliyotoka chooni bila sabuni, na anayekuja kula baadaye hana habari.

Wapo wanaojitetea kwamba kazini sote ni ndugu. Ni kweli Suratun-Nur, aya ya 61, inataja nyumba ambazo mtu hana lawama akila humo, na rafiki ametajwa. Lakini wanazuoni wamebainisha kuwa hiyo ni pale unapojua kuwa mwenyewe ameridhia. Huyu anayechungulia mlangoni kabla ya kufunua, ridhaa anaijua? Tena hii ni haki ya mja, haifutwi kwa istighfari pekee mpaka umlipe mwenyewe au akusamehe.

Mimi nilimshuku kijana mmoja wa usafi. Nikamwita pembeni, peke yetu, nikamsimulia yaliyompata mama bila kumwita mwizi. Kwanza alikana. Baadaye akainama: "Dokta, nilidhani ni cha yule nesi anayebakisha kila siku." Alikuwa akijitolea, hana mshahara, anatoka kwao saa kumi na moja alfajiri bila hata chai. Alikwenda mwenyewe kumwomba radhi mama, akasamehewa. Sisi tukaanza kuchanga kidogo kidogo, mama ntilie akawa analeta sinia moja, na kijana akala nasi mchana kweupe.

Si wote wana njaa, lakini. Alikuwepo mwingine mwenye mshahara mzuri kuniliko, aliyeendelea kudokoa hata baada ya sinia. Huyo niliongea naye mara mbili faragha, ya tatu nikaenda naye kwa mganga mfawidhi.

Na wewe mwenye kisukari, haya isikuue. Ukikosa chakula sema hapo hapo, weka sukari au glukosi ya unga mfukoni, na wafundishe wenzako wawili dalili zako. Mama wa maabara alibandika plasta nyeupe kwenye kifuniko cha hotipoti yake, akaandika jina lake, na chini yake saa anayotakiwa kula.