Kuku Mzima kwa Moto Mdogo: Kweli na Uongo wa Jikoni Kisangani

Simu zinaleta mapishi ya dunia nzima hadi Makiso na Mangobo, na mojawapo ni hili: weka kuku mzima asubuhi kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, nenda kazini, rudi jioni ukute ameiva. Sufuria hizo zilianza kuvuma Marekani mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot, na huko zinawafaa wenyewe. Huku zinakutana na umeme wa Tshopo, kuku wa kijijini na mazoea ya mbabula, jiko letu la makaa. Yanayosemwa juu ya upishi huo ni mengi. Baadhi ni kweli, na baadhi yanaweza kumlaza mtoto hospitalini.

Kupika polepole ni kuanza na moto mdogo.

Uongo, na ndio unaonisumbua kuliko mwingine wowote. Vijidudu vya kuku, Salmonella na Campylobacter, vinakufa kwa moto wa kutosha, lakini kati ya nyuzi 5 na 60 hivi vijidudu vingi vya chakula huzaliana upesi. Kuku mzima ana uwazi tumboni na mapaja yaliyobana, kwa hiyo joto huchelewa kufika ndani. Ukimwanzisha kwa moto hafifu, unamwacha saa nzima au zaidi katika uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda.

Anza na moto mkali. Kwenye mbabula, jaza makala, chemsha mpaka mchuzi utokote wote, mpe dakika ishirini. Kisha ondoa nusu ya makala, yaliyobaki uyafunike kwa majivu, na uache maji yatikisike tu pembezoni mwa sufuria. Kwenye sufuria ya umeme, saa ya kwanza iwe kwenye joto la juu, ndipo ushushe. Nyama ya ndani kabisa ya paja inapaswa kufika nyuzi 74. Asiye na kipimajoto achome kisu kwenye kiungo cha paja: majimaji yatoke bila damu, na mguu ukizungushwa uachie. Rangi peke yake isikudanganye, kwa maana mifupa ya kuku mchanga hubaki na wekundu hata baada ya kuiva.

Maji yakichemka kwa nguvu, kuku anaiva upesi.

Uongo. Kisangani iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu na nyuzi 99. Ongeza makala kadiri upendavyo, maji hayatapanda zaidi ya hapo. Utapata mvuke mwingi na kuku aliyechanika ngozi. Mtu wa Goma akikuambia kuku wa kwao huchukua muda mrefu zaidi jikoni, mwamini: kule, kwenye mita 1500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Tena makala yanayofika mjini kwa baiskeli kutoka barabara ya Buta na ya Ituri yamekwisha gharimu miti na migongo ya watu. Kuyateketeza kwa kutokotesha maji bure ni hasara isiyo na sababu.

Kuku wa kijijini ni mgumu kwa sababu alikimbiakimbia.

Nusu kweli. Mwendo unachangia, ila kilicho kikubwa ni umri. Kuku wa kizungu huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Yule wa kijijini huenda ametaga mwaka mzima au miwili. Kadiri anavyozeeka, kano na ngozi zinazoshikilia misuli yake hukazana. Kano hizo hulainika na kugeuka utelezi mtamu wa mchuzi pale joto linapokaa juu ya nyuzi 70 kwa muda mrefu, saa mbili au tatu. Kwa hiyo moto mdogo wa muda mrefu ulifaa kuku huyu tangu zamani. Kuku wa kizungu ukimpa muda uleule, kidari chake hukauka na mifupa huachana kabla hujampakua.

Jani la mpapai au kipande cha papai bichi nacho husaidia kweli. Utomvu wake hukata protini za nyama, lakini mchemko huuharibu, kwa hiyo mpake kuku kabla ya kumbandika. Kulitupia jani kwenye maji yanayotokota hakuna faida kubwa.

Mosaka haiwezi kupikwa na kuku mzima.

Uongo, mradi upike kimoja kimoja kwa zamu. Mosaka ni mchuzi wa chikichi, nao ni mzito. Ukiutia mwanzoni utashika chini na kuungua huku paja bado bichi. Mpike kuku kwanza na kitunguu, chumvi na maji ya kufika nusu ya mwili wake, na weka majani ya ndizi chini ya kifuniko ili mvuke usipotee. Pembeni chemsha chikichi, zitwange kwenye kinu, zisuguesugue kwa maji ya uvuguvugu, uchuje makapi na kokwa. Mchuzi huo uchemke peke yake mpaka mafuta mekundu yaelee juu. Hapo ndipo umwagie kuku kwa nusu saa ya mwisho, ukimgeuza mara moja ili kidari kizame.

Wengine huchagua chikichi zenye kokwa kubwa wakidhani zina mafuta mengi. Ni kinyume chake: mosaka inatokana na nyama inayozunguka kokwa. Watafiti wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha mwaka 1941 kwamba kuchanganya mchikichi wenye kokwa za gamba nene na ule usio na gamba huzaa mti wa gamba jembamba na nyama nyingi. Mashamba makubwa ya michikichi duniani leo yamejengwa juu ya ugunduzi huo, uliofanyika kilomita mia moja hivi kutoka hapa.

Kuku wa friji anaweza kuingia na barafu yake.

Uongo, na ni hatari. Barafu ya tumboni huchelewesha joto kwa saa nyingi. Ayeyuke kwanza kabisa, mahali pa baridi.

Kuku mbichi lazima aoshwe ili vijidudu viondoke.

Uongo. Maji huvirusha kwenye meza, kisu na mboga za kuliwa mbichi. Moto ndio unaoviua. Ukiosha manyoya na damu, osha polepole, kisha sugua beseni kwa sabuni.

Umeme ukikatika, kifuniko kitatunza joto.

Kweli kwa muda mfupi tu. Kituo cha umeme cha Tshopo ni cha tangu miaka ya 1950, na kila nyumba inajua kukatika kwa umeme wake. Ukiwepo, hamishia sufuria yako kwenye mbabula mara moja. Ukirudi jioni ukakuta saa imesimama, na hujui umeme ulikuwa umeondoka kwa muda gani, mtupe huyo kuku, hata akinukia vizuri.

Mchuzi uliochemka unaweza kulala jikoni hadi asubuhi.

Uongo. Kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens huacha mbegu zinazostahimili mchemko, na mchuzi unapopoa taratibu kwenye nyuzi 43 hadi 47 zinaamka na kuzaliana upesi sana. Sufuria nzito yenye kuku mzima, ikifunikwa usiku wa joto la Kisangani, inakaa katika joto hilo muda mrefu. Mkatekate kuku, mgawe kwenye bakuli pana, zikalishe kwenye beseni la maji baridi, kisha weka kwenye friji. Asiye na friji apike kiasi cha kumalizwa usiku huohuo, au ampelekee jirani kilichobaki kikiwa bado cha moto.