Dhiraa Moja, Shibiri Moja na Nyanda Nne

Mlango wa kabati lililokuwa juu ya jiko letu ulianza kubabuka mwezi wa nne tangu fundi alipopokea ujira wake wa mwisho, nao ulibabuka kwa adabu, kwanza kwenye pembe ya chini upande wa kushoto, ambapo gamba jeupe la plastiki lilijikunja mithili ya kucha iliyokatwa vibaya, kisha ukingo mzima, hata ikawa ukipitisha kidole chini ya gamba lile unauhisi ubao wenyewe umeumuka na kulainika kama mkate uliochovywa katika chai. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya meko kwa haki ya umri na kwa haki ya mkono wake, hakusema neno kwa muda wa wiki nzima, hata siku ya Ijumaa, akiepua sufuria ya wali, alinyanyua macho akasema, "Mwanangu, kabati lako linakula mvuke kuliko sisi tunavyokula wali."

Nyumba ni ya marehemu babu, Tanga, na katika zama zake mapishi yote yalikuwa uani, chini ya paa la makuti, kwenye mafiga na baadaye kwenye seredani. Tulipoamua kuikarabati na kuyaingiza mapishi ndani, mimi nilianza pale waanzapo watu wengi, yaani kwenye makabati, kwa sababu makabati ndiyo yanayokula fedha na ndiyo yanayoonekana na wageni. Nikayachora ukuta kwa ukuta, nikahesabu milango na bawaba, nikachagua rangi, na jiko, lile la kusimama lenye tanuri chini yake, likapewa mwanya uliosalia baada ya kila kitu kupata makao yake. Ilikuwa ni taksiri ya kufikiri. Lugha yetu yenyewe ilikwisha kunionya, maana kwetu jiko ni kile chombo cha moto, na jiko ni chumba kizima, na hata mtu akioa husemwa kwamba amepata jiko; nami nikautenda moto kama mpangaji aliyechelewa kufika, bighairi ya kuuliza tabia yake.

Tabia yake ni hii. Hewa yenye joto la nyuzi 27 za Selsiasi, kama ilivyo jikoni kwetu mchana, ikipashwa hadi nyuzi 127 huongezeka ujazo kwa theluthi, na kwa hiyo lita moja ya hewa hiyo huwa na uzito wa robo tatu tu ya jirani yake iliyo baridi. Hewa nzito ya pembeni huisukuma ile nyepesi, nayo hupaa. Na katika kupaa kwake huikokota hewa nyingine ya kando, ikachanganyika nayo, ikapoa kidogo na kupanuka, hata nguzo ile ya hewa, ambayo juu ya sufuria ilikuwa na upana wa sufuria, ikifika kwenye dari huwa imekuwa pana kama mdomo wa tarumbeta iliyosimamishwa. Ndiyo maana dohani iliyo na upana sawasawa na jiko hukosa sehemu ya moshi, na hukosa zaidi ule unaotoka kwenye vichomeo vya mbele, kwa kuwa nguzo yao hupita nje ya ukingo wake; na mpishi mwenye dohani fupi atafanya vyema kuziweka sufuria kubwa nyuma, karibu na ukuta. Sisi hatukuwa na dohani yoyote. Mahali pa dohani palikuwa na kabati la vikombe.

Ndani ya nguzo hiyo ndimo mvuke unamosafiri, nao una mambo yake. Lita moja ya maji ikichemka yote hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke, na mvuke huo ukikutana na kitu kilicho baridi, kama vile sakafu ya kabati, hurudi kuwa maji na hapo hapo huutua mzigo wa joto uliokuwa umebeba, ambao ni yapata mara 540 ya joto linalohitajika kuyapandisha maji hayo hayo kwa nyuzi moja. Basi kabati lile lilikuwa likipigwa mara mbili, kwa unyevu na kwa joto. Joto liliilegeza gundi iliyolishika gamba, kazi ambayo haihitaji hata joto la maji yanayochemka. Unyevu nao ukaingia katika ubao wa chipubodi, ambao si mti bali ni vipande vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi na mashine, na ambavyo, vikipata maji, hukumbuka unene wao wa kabla ya kushindiliwa na kuurudia. Vikisha kuurudia, havishuki tena hata vikianikwa jua la mwezi mzima. Mbao za asili nazo hunywa unyevu, lakini hutanuka kukata nyuzi zake na si kwa urefu, na zikikauka hurejea karibu na zilivyokuwa. Kwa hiyo tulipobomoa na kuanza upya tulitumia mtiki wa Longuza, kule Muheza, kwa yale makabati mawili yanayopakana na jiko, na chipubodi tukaiacha upande wa pili, ambako mvuke hauna shughuli.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Ngamiani mwenye kalamu ya risasi sikioni na futikamba kiunoni ambayo sikumwona akiitoa siku ya kwanza. Alisimama mbele ya jiko, akaweka kiwiko chake juu ya bamba la vichomeo, akanyoosha kiganja kwenda juu ukutani, akatia alama pale ncha ya kidole cha kati ilipofika. Akapima shibiri moja juu ya alama hiyo, kisha akalaza vidole vinne juu ya shibiri, akachora mstari. "Chini ya hapa, mwalimu, usinitake nipigilie ubao," akasema. Nilikwenda kuupima mstari wake nikakuta inchi 30 na nukta, na hesabu yenyewe si ngumu: dhiraa ni inchi 18, shibiri ni nusu yake, na nyanda nne ni inchi tatu. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa Marekani nazo zataka inchi 30, yaani sentimita 76, baina ya uso wa jiko na kabati la mbao lisilokuwa na kinga, na huruhusu kipimo hicho kishuke hadi inchi 24 ikiwa sakafu ya kabati imekingwa kwa bati na kizuizi cha joto. Sidai kwamba mzee yule na watunga kanuni walishauriana, wala kwamba mikono ya watu wote ni sawa. Wangu mimi, kwa mfano, ungelishusha kabati kwa karibu inchi mbili. Lakini yeye alikuwa amejenga majiko ya kutosha kuona yapi yanarudi na malalamiko. Kabati la kwanza lilikuwa juu ya jiko kwa sentimita 50.

Wala kinachoogopwa hapo si mvuke peke yake. Ubao hauhitaji kulambwa na ulimi wa moto ndipo uwake. Ukipashwa vya kutosha kwa mng'aro tu huanza kutoa mivuke yake wenyewe, na mivuke hiyo ndiyo inayoshika moto. Karai la mafuta ya kukaangia bajia likiwaka, mwali hupanda kwa kadiri ambayo sentimita 50 ni kama kuukaribisha.

Kutoka kwenye kile kiwiko nilijifunza jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza, maana vitabu vya makabati huchapisha kimo cha meza ya jikoni, sentimita 90 au karibu yake, kana kwamba watu wote wapika vitu vya namna moja. Kazi nyepesi ya mikono, kama kuchambua mchicha au kukata vitunguu, hutakiwa ifanyike chini kidogo ya kiwiko, yapata sentimita 10. Kazi ya nguvu, inayomtaka mtu atumie uzito wa mwili wake, hutakiwa ishuke zaidi. Sasa mchukue mwanamke wa kimo cha sentimita 160, ambaye kiwiko chake kiko karibu na mita moja kutoka chini, mweke mbele ya jiko la sentimita 90, juu yake tia sufuria yenye kina cha sentimita 25, kisha mwambie asonge ugali wa watu kumi. Mdomo wa sufuria uko juu ya kiwiko chake. Mwiko ataushika usawa wa kifua, na nguvu zote zitatoka mabegani, ilhali aliyeketi juu ya kigoda mbele ya mafiga aliusonga ugali huo huo kwa uzito wa kiwiliwili chake. Shangazi alikuwa akilalamika juu ya bega la kulia tangu tuhamie ndani, nasi tukilisingizia umri. Dawa ilikuwa meza fupi ya zege, ya kimo cha sentimita 60, ubavuni mwa jiko lile refu, na juu yake kichomeo kimoja kipana kwa ajili ya ugali, pilau na sufuria zote zinazotaka kukorogwa kwa nguvu. Fundi alinung'unika kwamba mstari wa makabati umevunjika. Umevunjika kweli, lakini si uzuri uliovunjika.

Fikra ya kumpima mpishi kabla ya kupima ukuta ina historia, na kipande kimoja cha historia hiyo kimepita kwetu. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alichora chumba cha kupikia chenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, baada ya kupima kwa saa nyendo za mpishi na kuyatazama majiko ya mabehewa ya kulia chakula katika garimoshi. Jiko, sinki na meza vikawekwa karibu hata mtu ageuke tu badala ya kutembea, na unga ukapewa masanduku ya mwaloni ili wadudu wasiupende. Vyumba vipatavyo elfu kumi vya namna hiyo vilijengwa, naye mwenyewe alikiri baadaye, kwa ucheshi unaostahili kuheshimiwa, kwamba kabla ya kazi ile hakuwa amepata kupika wala kuendesha nyumba. Mkubwa wake katika mradi huo alikuwa Ernst May, ambaye mwaka 1934 alihamia Tanganyika akalima shamba karibu na Arusha, na miaka ya baadaye akachora majengo kadhaa ya Afrika Mashariki, ikiwemo Hoteli ya Oceanic ya Mombasa. Sijui kama mpishi wake wa Arusha aliwahi kuambiwa habari za jiko la Frankfurt. Lingemshangaza, maana ni jiko la mtu mmoja, na katika nyumba zetu mtu mmoja hapiki peke yake ila awe mgonjwa au mgomvi. Kwa hiyo ujia baina ya safu mbili za makabati, ambao kwa mpishi mmoja hutosha kuwa sentimita 107, sisi tuliufanya 122, ili anayepita na beseni la samaki asimsukume anayekaanga.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Kila upande wa jiko tuliacha mahali pa kutua sufuria ya moto, sentimita 30 upande mmoja na 38 wa pili, bila kitu juu yake. Jokofu lilihamishwa, kwa kuwa nalo hutoa joto na si busara kulisimamisha kando ya mtoaji mwingine. Dirisha la kusini halikuwekwa nyuma ya jiko, kwa kuwa miezi ya kusi upepo ungekuwa ukiuzima moto na kuiacha gesi ikitoka. Viungo vilitoka kwenye rafu ya juu ya jiko, ambako iliki na karafuu zilikuwa zikipoteza mafuta yake ya harufu kwa joto la kila siku, vikaenda kwenye droo yenye kivuli.

Mtungi wa gesi ulitaka mjadala, maana nilikwisha kuuchorea kabati zuri lenye mlango unaofunga barabara. Gesi ya mtungini ni propeni na buteni, ya kwanza nzito mara moja na nusu kuliko hewa, ya pili mara mbili. Ikivuja haipai kama moshi bali humwagika chini kama maji yasiyoonekana, ikajaa katika kabati na kutambaa sakafuni kutafuta cheche. Asilimia mbili tu ya gesi hiyo katika hewa yatosha kuwaka, na kwa chumba cha mita tatu kila upande hiyo ni gesi ya kilo moja na ushei. Tena haina haja ya kukijaza chumba, kwa kuwa hulala chini, kwenye vifundo vya miguu. Kabati la mtungi basi, kama lazima liwepo, hutobolewa chini kabisa, usawa wa sakafu, kwenda nje. Matundu ya juu peke yake, ambayo fundi wa kwanza aliyatoboa kwa nakshi nzuri ya nyota, hayafai kitu. Kwa wale wa Dar es Salaam waliounganishiwa bomba la gesi ya Songosongo mambo ni kinyume, kwa kuwa ile ni metheni, nyepesi kuliko hewa, nayo hutafuta dari. Sisi tuliutoa mtungi nje, tukaupitisha mpira ukutani ndani ya kipande cha bomba, na kabati likabaki la masufuria.

Siku fundi alipomaliza, shangazi alifungua kila mlango na kila droo, akapitisha kiganja chini ya kabati la mtiki, akauliza pahala pa mbuzi ya kukunia nazi ni wapi. Hakuna kati yetu aliyepafikiria. Mzee akatoa kalamu sikioni, akapima, akasema upo mwanya chini ya meza fupi ya zege. Ama seredani yake, ile ya kupalia makaa juu ya kifuniko cha biriani, alikwisha kuichukua mwenyewe akairudisha uani, ambako hewa mbaya ya makaa ina pa kwenda. Na Ijumaa iliyofuata tulikula biriani iliyopikwa nusu ndani, nusu nje.