Mazoezi ya Viungo Yataka Msingi

Hapana fundi ajengaye nyumba kwa kuanzia paa, wala hapana mkulima wa Ruiru atazamiaye kuchuma kahawa mwaka ule ule aliopanda mche. Hata aina ile ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha huko huko Ruiru, nayo husifiwa kwa kuzaa mapema, haina budi kungojewa mpaka mizizi ishike. Mambo haya yajulikana na kila mtu. Lakini likija jambo la mwili wake mwenyewe, kijana husahau. Ataka kupiga kichwangomba na kutembea kwa mikono leo, ijapokuwa jana hakuweza kujivuta juu ya mwamba hata mara moja bila ya kurusharusha miguu.

Mtaa wa Kahawa Sukari, ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho majengo yake ya kwanza yalikuwa kambi ya askari wa Uingereza mpaka kambi hiyo ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 ikageuzwa kuwa chuo. Siku hizi elimu ya mazoezi ya viungo hufundishwa hapo kama elimu nyingine yoyote. Maana yake ni kwamba mazoezi si mchezo wa kubahatisha: yana kanuni zake, na azifuataye hufaidika.

Na tena hayana gharama. Mzigo unaoinuliwa ni mwili wenyewe, na vyombo vyake ni ardhi, ukuta, na mwamba ulio imara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuitia misuli nguvu angalau siku 2 kila juma, mbali na dakika 150 mpaka 300 za kutembea au mwendo mwingine wa kadiri.

MKULIMA NA KARANI

Wako wasemao kwamba mkulima hana haja ya mazoezi, kwa kuwa jembe limekwisha kumpa nguvu. Neno hilo ni kweli nusu. Mshiko wa mkulima ni mkali na mgongo wake umezoea kazi, lakini kazi yake nyingi humwinamisha mbele, na mara chache mabega yake huubeba mwili wote mikono ikiwa juu ya kichwa. Karani naye hukaa kitini mchana kutwa, na jioni hukaa tena katika matatu mpaka afike kwake. Nyonga zake hukakamaa na mabega yake huanguka mbele. Basi wote wawili, ingawa mmoja ni hodari kuliko mwenziwe, yafaa waanze katika daraja moja, yaani ya chini.

KUJIVUTA

Mwanzo wa kujivuta ni kuning'inia. Mtu aushike mwamba kwa mikono miwili, aning'inie mikono ikiwa imenyooka, akihesabu mpaka 20 au 30. Akiisha kulizoea hilo, ajifunze kuyashusha makombe ya mabega bila ya kukunja viwiko. Ni mwendo mdogo ambao mtazamaji aweza asiuone, lakini ndio ulindao bega. Daraja ya tatu ni kupanda juu ya kigoda mpaka kidevu kiwe juu ya mwamba, kisha kujishusha polepole kwa hesabu ya 5. Misuli huweza kuuzuia mzigo unaoshuka ambao bado haiwezi kuupandisha, na kwa njia hiyo hujifunza. Atakayefanya hivi kwa subira, siku moja atajikuta amejivuta kutoka chini mpaka juu pasipo kurusha miguu.

Kujisukuma kuna daraja zake vile vile: kwanza ukutani, kisha mezani, kisha ardhini. Mwili uwe mnyoofu kama ubao, kiuno kisibonyee, na viwiko vielekee nyuma wala visitawanyike kama mabawa. Kiuno nacho hutiwa nguvu kwa kulala chali, kuukandamiza mgongo wa chini ardhini, na kuinua miguu na mabega kidogo. Mgongo ukiachana na ardhi, miguu imeshushwa mno, na iinuliwe.

KUSIMAMA KWA MIKONO

Jambo hili ndilo vijana walipendalo, na ndilo walikosealo. Wengi hujirusha ukutani kwa kisigino, mgongo ukiwa umepinda kama upinde, kisha huanguka. Iliyo bora ni kuanza na vifundo vya mikono: kupiga magoti, kuweka viganja ardhini, na kuuegemeza mwili mbele kidogo kidogo. Baadaye mtu aweke viganja karibu na ukuta, aukwee kwa miguu tumbo likiuelekea ukuta huo, anyooshe viwiko, na ausukume mwili juu mpaka mabega yakaribie masikio. Sekunde 10 zilizo safi zatosha kwa siku za kwanza. Ashuke kabla nguvu hazijamwisha, maana uchovu ndio uharibuo umbo, na umbo baya likirudiwa huwa mazoea.

KANO HUKAWIA

Siku 3 kwa juma zatosha, na siku ya kupumzika iwe katikati. Kila zoezi lirudiwe mara 5, kwa zamu 3. Zikifika mara 8 safi kwa kila zamu, ndipo apande daraja inayofuata. Mara 5 zilizo safi zapita 15 za ovyo.

Sababu ya subira hii imo ndani ya mwili. Katika majuma ya kwanza nguvu huongezeka upesi, kwa kuwa neva hujifunza kuiamrisha misuli. Lakini kano, zile kamba zinazoifunga misuli mifupani, huimarika polepole zaidi. Kwa hiyo baada ya miezi miwili kijana hujiona simba, akajaribu mambo makubwa, na kiwiko au bega likamlipiza. Maumivu ya misuli yaishayo kwa siku mbili tatu si kitu. Maumivu makali ndani ya kiungo ni onyo, na anayeyasikia hana budi kupumzika, na yasipokoma aende hospitali.

Wanaojua kazi hii hawakuijua kwa haraka. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China wajifunze sarakasi, nao hawakukaa huko majuma, walikaa miaka. Nairobi nako, shirika la Sarakasi Trust lililoanzishwa mwaka 2001 limefundisha vijana kazi hiyo, na wako wanasarakasi wa Kenya wanaopata riziki yao ng'ambo kwa nguvu ya viungo vyao. Kwa mtu wa namna hiyo bega ndilo shamba lake. Likiharibika, hana mavuno. Na hata yule asiyetaka kuonyesha michezo mbele ya watu, bado mikono hiyo hiyo ndiyo ishikayo jembe, ibebayo mtoto, na iandikayo barua. Haraka haraka haina baraka. Na atakayeujenga msingi kwanza, mwaka ujao atasimama kwa mikono yake, na mwaka unaofuata atakuwa bado amesimama.