Jeraha Limepona, Mbona Maumivu Yabaki?

Msafiri atokaye mjini Kasese kwenda Bwera huwa na milima ya Rwenzori kuumeni kwake, na mbele yake ni mpaka wa Mpondwe. Novemba 1996 waasi wa ADF waliishambulia sehemu hiyo, na katika miaka ya vita iliyofuata mabomu yalitegwa ardhini. Askari na mkulima walikatwa miguu sawasawa. Desemba 2012 Uganda ilitangaza kwamba maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu yamekwisha kusafishwa.

Walakini, bomu likisha kung'olewa ardhini, maumivu hayang'oki mwilini pamoja nalo. Wako waliokatwa mguu ambao usiku huvisikia vidole vya mguu uliokwisha kuzikwa vikiwaka moto. Jirani mmoja husema ni woga, mwingine husema ni uchawi. Nasi tuliolelewa katika gwaride tulizoea kumsifu askari anyamazaye. Hapo tulikosea.

Jambo hili lina sababu yake. Mshipa wa fahamu ukikatwa, ncha yake huweza kuota kinundu kinachopeleka habari za uongo, na ubongo nao haukubali upesi kwamba kiungo hakipo. Hata mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, au mtu aliyepasuliwa ngiri, aweza kubaki na maumivu. Yakipita miezi 3, madaktari huyahesabu kuwa maradhi yanayohitaji tiba yake yenyewe.

Nchi yetu ina sifa katika vita dhidi ya maumivu. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu waliruhusiwa kuiandika, kazi ambayo awali ilikuwa ya madaktari. Mgonjwa wa saratani, au aliyetoka kupasuliwa, asiiogope mofini aliyoandikiwa.

Lakini dawa za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwamo, aghalabu hazifai kuwa ngao ya miaka mingi kwa maumivu ya namna hii. Mwili huzizoea: kidonge 1 huwa 2, na 2 huwa 4, hali maumivu yangali palepale, pengine yamezidi. Anayeziacha ghafula hutoka jasho, hutetemeka na kuharisha. Huyo si mhuni, ni mgonjwa ambaye mwili wake umefungwa. Akizidisha kipimo, au akichanganya na pombe, pumzi yaweza kukatika usingizini.

Basi afanyeje? Asinunue vidonge kwa siri, wala asiviache kwa siku moja. Arudi hospitali, iwe Bwera, Kagando au Kilembe, aseme kweli anameza vingapi. Daktari aweza kupunguza kipimo kidogo kidogo, na kumpa dawa ya kutuliza mishipa, kama amitriptilini. Gutu likaguliwe, na mguu wa bandia upimwe upya. Wengine hunufaika kwa kuutazama mguu mzima katika kioo, ubongo ukadhani wote wawili wapo.

Askari akijeruhiwa vitani humwita mganga wa kikosi bila haya. Hata ikipita miaka 20, yafaa aite vilevile, nasi tumwitikie.