Sare Isiyokamata Mtu: Waokoa Wanyama wa Uingereza (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi chama cha kutetea wanyama kinachojulikana leo kama RSPCA kilivyozaliwa London mwaka 1824, chini ya Kasisi Arthur Broome, mbunge Richard Martin na wenzao. Wakaguzi wake walikuwa kazini kabla jiji hilo halijaundiwa jeshi la polisi mwaka 1829. Labda ndiyo sababu hadi leo mtu akimwona afisa wa chama na sare yake ya bluu hudhani ni askari. Siye. Ni mwajiriwa wa shirika la hisani linaloendeshwa kwa michango na wasia za marehemu.

Tuseme jirani amepiga simu: kuna mbwa uani, mbavu zinahesabika. Afisa anafika peke yake na gari dogo, anabisha hodi. Mwenye nyumba akikataa kumfungulia, hana ruhusa ya kuingia. Itabidi awaite polisi, na nyumba ya mtu haiingiwi kwa nguvu bila kibali cha mahakama. Hata hapo, kwa mujibu wa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, kwa kawaida daktari wa mifugo ndiye huthibitisha kwamba mnyama anateseka, au atateseka asipoondolewa, ndipo achukuliwe.

Kwa hiyo afisa hodari ni yule ajuaye kuzungumza. Haanzi na lawama. Anauliza mbwa anakula nini, ana umri gani, mara ya mwisho alitibiwa lini. Mara nyingi nyuma ya mlango hakuna katili, bali mzee mgonjwa au mtu aliyeachishwa kazi. Anapewa ushauri na muda wa kurekebisha, kisha afisa anarudi kukagua. Wakorofi wapo pia, na tangu 2021 adhabu ya juu imepanda kutoka kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano. Kwa maoni yangu, ile ziara ya pili huokoa wanyama wengi kuliko kifungo.

Upande wa uokoaji nao una maarifa yake. Mvua ikinyesha usiku, bata maji wale weupe wenye shingo ndefu huiona lami iliyolowa kama mto, wakatua. Kuruka tena ni shida, kwa kuwa ndege mzito kiasi hicho huhitaji nafasi ndefu ya kukimbilia. Afisa humsogelea taratibu, akambana mabawa yasije yakavunjika, akamfunga ndani ya mfuko maalumu uliobakiza kichwa na shingo nje, kisha akampeleka majini. Ikiwa mguu umenaswa na uzi wa mvuvi, anaanzia kwa daktari.

Kuna sehemu ambayo haipigwi picha. Mbweha aliyegongwa na gari, uti wa mgongo umevunjika, haponi. Hapo huruma ni kumfupishia maumivu, na afisa akimaliza anaitwa kwingine.

Juma lijalo tutarudi nyumbani. Tanzania ina Sheria yake ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Msomaji, itafute uisome kabla hatujakutana, hasa kama una punda, mbwa wa ulinzi au kuku wa kusafirisha.