Kiwanja Kimoja, Timu Nne

Saa 10 jioni vijana wanatoka shambani na shuleni. Wanakwenda kiwanjani. Timu ya kwanza inafika. Timu ya pili inafika. Wasichana nao wanafika na mpira wao. Watoto wa shule ya msingi wamekwisha anza kukimbia. Kiwanja ni kimoja. Ugomvi unaanza. Mwisho wake wenye nguvu wanacheza. Wasichana na watoto wanarudi nyumbani.

Ndugu wanakijiji, hali hii ipo katika vijiji vingi vya nchi yetu. Vijana wameongezeka, lakini viwanja havikuongezeka. Vingine vinapungua. Tufanye nini?

KIWANJA NI EKA NGAPI?

Sheria za mpira wa miguu zinasema kiwanja kiwe na urefu wa mita 90 hadi 120. Upana uwe mita 45 hadi 90. Chukua kiwanja kidogo kabisa: mita 90 kwa mita 45. Hiyo ni eka moja tu. Kiwanja kikubwa cha mita 105 kwa mita 68 ni kama eka moja na robo tatu.

Basi mpira hauhitaji ardhi kubwa. Kijiji kinaweza kupata eka moja au mbili kwa ajili ya vijana wake. Kazi ni kuilinda ardhi hiyo.

ARDHI INAPOTEA KIDOGO KIDOGO

Kiwanja hakipotei kwa siku moja. Mwaka huu jirani anaongeza mistari mitatu ya mahindi. Mwaka ujao anaongeza mingine. Mtu mwingine anajenga kibanda pembeni. Baada ya miaka michache goli moja limo ndani ya shamba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa yake ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya wote. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza eneo. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukubali au hukataa. Eneo likikubaliwa, huandikwa katika daftari la kijiji. Ardhi hiyo haiwezi tena kugawiwa mtu mmoja.

Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Vijana, nendeni mkutanoni. Msiwaachie wazee peke yao.

Baada ya kuandika, pimeni mipaka kwa kamba mbele ya majirani wote. Pandeni miti, kama miembe, mita 5 nje ya mstari. Miti itaonyesha mpaka. Tena itawapa watazamaji kivuli.

GAWANENI ZAMU

Timu zikiwa nyingi, si lazima kila timu ipate kiwanja chake. Mazoezi hayahitaji kiwanja kizima. Nusu inatosha.

Tuseme kijiji kina timu 4: mbili za wavulana, moja ya wasichana na moja ya watoto. Gaweni kiwanja nusu mbili. Fanyeni mazoezi siku 4, Jumanne hadi Ijumaa. Nusu 2 mara siku 4 ni nafasi 8. Gawa kwa timu 4. Kila timu inapata nafasi 2 kwa wiki. Jumamosi na Jumapili ni siku za mechi. Jumatatu kiwanja kipumzike.

Andikeni zamu hizo kwenye karatasi. Ibandikeni katika ofisi ya kijiji. Manahodha wote waijue.

Wasichana wasipewe mabaki. Mwaka 2022 timu yetu ya taifa ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17 ilicheza Kombe la Dunia huko India. Iliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1. Ilifika robo fainali. Msichana asiyepata mahali pa kufanya mazoezi hawezi kufika huko.

KIWANJA PIA HUCHOKA

Kiwanja ni kama shamba. Kikikanyagwa kila siku, udongo hushindiliwa. Mizizi hukosa hewa. Majani hufa, na mvua ikinyesha maji hutuama. Fanyeni hivi:

1. Wakati wa mazoezi tumieni magoli madogo ya vijiti. Yahamisheni kila wiki, ili mbele ya magoli makubwa pasiharibike.

2. Mvua zikianza, limeni kidogo sehemu zilizo tupu. Wekeni samadi iliyooza. Pandeni vipande vya ukoka, futi moja kutoka kipande hadi kipande.

3. Msicheze juu ya ukoka mchanga. Uvuteni kwa mkono. Ukishika sawasawa ardhini, chezeni.

4. Chimbeni mifereji nje ya mistari ili maji yatoke.

5. Msilishe ng'ombe kiwanjani wakati udongo una maji. Kwato huacha mashimo, na mashimo huvunja miguu ya vijana.

Timu zote zishiriki katika kazi hii. Anayetaka zamu ashike jembe.

TUJADILIANE

Someni maswali haya pamoja, kisha yapelekeni katika mkutano ujao wa kijiji.

Je, kiwanja chetu kimeandikwa katika daftari la kijiji?

Je, mipaka yake ni ile ile ya miaka iliyopita?

Je, ni nani katika kijiji chetu hapati zamu ya kucheza?