Fahamu: Kijana wa Issenye anavyoweza kupata kazi kwenye meli za kitalii

Issenye, wilayani Serengeti, iko mbali na bahari, lakini kijana aliyezoea kutandika vitanda na kuhudumia wageni mezani katika hoteli za Serengeti tayari ana ujuzi unaotakiwa kwenye meli za kitalii. Anachohitaji kuongeza ni mafunzo ya msingi ya usalama baharini, yanayotolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI).

Wapo wanaosema nafasi hizo ni za wenye fedha za kumlipa wakala. Sivyo. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Hulipia pasipoti, cheti cha afya na kitabu cha baharia tu. Ni kweli kazi ni ngumu, kwani mkataba huo unaruhusu hadi saa 14 kwa siku. Basi soma masharti ya ajira kabla ya kusaini, na anayedai pesa ya nafasi mkatae.